Nati ya Tatu

Zuwena binti Seif hataki risiti.
Nimemsafishia kabureta, nimempangusia plagi,
nimebadilisha mpira wa mafuta uliopasuka kwa jua,
naye ananitupia kofia ngumu:
"Fundi hupanda alichokitengeneza."

Basi nimepanda.
Kindege chenyewe ni mabomba matatu na turubai,
viti viwili, kimoja nyuma ya kingine,
hakuna mlango, hakuna dari,
injini mgongoni mwangu kama mtoto mwenye degedege.
Bodaboda ina chuma kingi kuliko hiki.
Changarawe za Al-Hamra zinakimbia chini ya viatu vyangu,
zinakimbia, zinakimbia,
halafu zinaacha.

Zuwena alipewa Kiswahili na bibi yake aliyetoka Wete,
akapewa jikoni, kikatosha ukubwa wa jiko tu.
Kwa hiyo humu angani, ndani ya spika za masikioni,
tunaruka kwa maneno ya mapishi.
"Napunguza moto," anasema, na injini inashusha sauti.
"Hapa hewa inachemka, shika." Nashika.
"Jabali hili linapakua upepo kwa upawa."
Na kweli tunapakuliwa,
tunamwagwa ng'ambo ya ukingo
kama wali uliokosa sahani.

Mungu wangu, milima hii.
Kwetu Mgeta milima imevaa:
migomba, ukungu, shati la maharage kifuani.
Hii imevuliwa nguo, ikavuliwa na ngozi,
mifupa imeanikwa, kahawia na zambarau,
na ufa mmoja umeshuka chini
hadi macho yakachoka kuufuata.
Kivuli chetu kinapanda ukuta wa mwamba,
nzi mgongoni mwa ng'ombe,
kinavunjika kwenye mpasuko, kinajiunga tena,
hakiumii.

Halafu, bila hodi, kijani.
Matuta! Matuta yale yale ya mama yangu,
ngazi za udongo uliobebwa kwa vichwa,
mfereji mwembamba kama uzi wa kushonea.
Mtu ameinama kwenye vitunguu saumu.
Anainuka, anaweka kiganja juu ya macho.
Nataka kumwambia kwamba kwetu nako
tunainama hivyo hivyo, kiuno kinauma pale pale,
lakini nampita juu ya kichwa
kwa kelele za mashine ya kusaga.

Ni hapo injini inakohoa.
Mara moja.
Kikohozi cha mtu anayesafisha koo
kabla ya kuleta habari ya msiba.
Zuwena hasemi kitu. Mimi naanza kuhesabu:
nati ya kwanza nilikaza, ya pili nilikaza,
ya tatu, simu ililia,
alikuwa Mwinjuma, anadai hela ya chumba,
nikaweka spana juu ya ndoo, nikatoka nje.
Je, nilirudi?
Mkono unakumbuka kukaza. Mkono ni mwongo,
umekaza nati elfu tangu nifike nchi hii,
zote zinafanana.

"Umenyamaza, fundi."
"Natazama milima."
"Milima iko kushoto," anasema,
jicho lake limo katika kioo kidogo mbele yake.
"Wewe umegeukia injini."

Tunatua kwenye mchanga wa wadi,
tunaruka kidogo, tunatua tena.
Mbuzi watatu wanaendelea kula katoni.
Propela haijasimama sawasawa, nimeshashuka,
naunguza kidole, nagusa nati ya tatu.
Imekaza.
Naijaribu kwa spana. Imekaza kabisa,
na juu yake kuna mstari wa rangi nyeupe
ambao sikuuchora mimi.

Zuwena anafungua chupa ya kahawa.
Kucha ya kidole gumba chake ina doa jeupe.
"Mchuzi wa mgeni," anasema,
"huonjwa kabla ya kupakuliwa."

"Na kile kikohozi?"

Anatazama juu, kwenye ukingo tulikomwagwa,
anamimina kahawa, kikombe kimoja, cha pili.
"Kile sikijui," anasema.
"Tutakisikiliza tukirudi."