Mizani Imeelemea Kushoto

Vua viatu, theluji hiyo itaniharibia zulia.
Pita jikoni. Karakana yangu ndiyo hii:
bisibisi hulala na vijiko droo moja,
na ukisikia harufu ya spiriti na ya dengu
usiulize kipi kinapikwa.

Kwa hiyo wataka mashine ya santuri.
Zipo tatu mezani. Usichague kwa macho!
Ile ya mbao ya jozi inayokuchekea
ilipakwa vanishi juzi na mjanja mmoja wa Freiburg.
Kizuri chajiuza, sawa,
ila hiki kimepelekwa sokoni kwa poda.
Weka kidole ukingoni mwa sahani. Sukuma. Ngoja.
Umesikia? Krr, krr,
paka anakanyaga mchanga.
Beringi hiyo imekula vumbi miaka thelathini.

Hii ya kijivu, yenye sura ya afisa wa kodi, ndiyo ya kwetu.
Ilitoka kiwandani hapa hapa St. Georgen
mwaka ambao wanaume wote walikuwa bado na nywele.
Mimi benchi la sita, kati ya Roswitha na Nevriye,
tukifunga mikono (ya chuma, si ya watu)
mia na arobaini kwa zamu,
na Nevriye akatufundisha kuhesabu Kituruki
ili msimamizi asijue tumebakiza mingapi.
Usione yazunguka, kijana.
Imeundwa.

Ilipoletwa ilikuwa bubu.
Mkono uliinuka, ukasogea, ukabaki hewani
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Grisi ilikuwa imeganda ikawa nta;
nikaikwangua kwa kijiti cha meno, siku mbili.
Lakini maradhi hayakuwa grisi.
Yalikuwa kipira, tazama, hiki hapa kwenye kizibo,
kidogo kuliko punje ya mchele,
kimeoza, kimekuwa lami.
Vipuri hakuna, kiwanda kilishafungwa.
Nikakata mpira wa valvu ya baiskeli ya mjukuu wangu,
milimita tatu,
nikauvisha pale.
Mkono ukashuka juu ya santuri
kwa hadhari, kama mdomo kwenye chai ya moto.

Spika chukua zile ndogo.
Zile kubwa zinahitaji sebule, na wewe una chumba kimoja
na jirani.
Povu la ukingoni lilikuwa likimomonyoka kama mkate mkavu;
nimebandika jipya, gundi haijakauka. Njoo kesho.

Amplifaya? Hapana. Hiyo haiuzwi.
Naona macho yako yamekwenda pale pale:
kifundo cha mizani kimeelekea kushoto,
mshale mfupi wa saa tatu.
Sikio la kushoto la Ewald lilianza kufa kabla yake,
naye akawa analiongezea sauti
kama unavyomwongezea mchuzi mtoto asiyekula.
Miaka kumi na minne nilisikiliza muziki ulioinama
nikanyamaza.
Ndoa.

Fundi yeyote atakwambia
kifundo kisichozungushwa hushika uchafu:
kipulizie dawa, zungusha mara ishirini, nenda rudi.
Mimi mwenyewe huwaambia wateja hivyo.
Hiki sijakipulizia.

Ila jana usiku, nikijaribu mashine yako,
nilikisogeza. Kidogo. Mpaka katikati.
Kikakwaruza, kikakohoa,
kisha upande wa kulia ukafunguka
na klarineti ikaingia,
klarineti, kijana, kwenye santuri ya harusi yangu,
iliyokuwa humo siku zote,
ikiongea na fidla taratibu pembeni
bila mtu wa kuisikiliza.
Nilikaa sakafuni.
Upande ulipokwisha nilikirudisha kushoto.
Dengu zilikuwa zimeungua.

Haya. Euro mia na ishirini, pamoja na waya.
Mpira wa baiskeli nakupa bure,
na ukikutana na mvulana mlangoni
anayesukuma baiskeli yenye pancha,
hujui kitu.