Kovu la Kiwandani

Riali elfu moja mia moja na arubaini,
ushuru wa uwanja wa ndege haumo.
Risiti nimeikuta ndani ya kiatu chake cha Ijumaa,
na mimi si mpekuzi, nilikuwa natafuta soksi.

Kwa fedha hizo, Zahran,
tungebadilisha kiyoyozi cha chumba cha wageni
kinachokoroma tangu Ramadhani ya mwaka juzi,
tungemlipia Thuraya muhula mzima,
na chenji ikabaki ya kula mishikaki Maabela.

Akalifungua sanduku polepole
kama anayemfunua bibi harusi.
Bitana ya manjano, harufu ya gundi,
gitaa la umeme, kijani cha bahari kilichochujuka,
mfano wa mwaka wa sitini na mbili,
limetengenezwa mwaka jana.
Jipya. Lakini limechubuka.
Vanishi imeingia nyufa kama kikombe cha bibi,
shingo imelika pale dole gumba linapopita,
na mgongoni mikwaruzo ya bizimu ya mkanda
wa mtu asiyekuwapo.

"Wamekuuzia mtumba?"
Akacheka cheko la kumhurumia asiyejua.
Yupo fundi, akasema, kazi yake ndiyo hiyo:
ana msasa, ana rundo la funguo,
anampiga mtoto mchanga mpaka azeeke.
Kila pigo na bei yake.
Lisilo na alama lina nafuu ya riali mia nne.

Ewe Mola! Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda
hawakujua iko siku kidonda ndicho kitakuwa kipya,
kitachongwa, kitapakwa rangi, kitatundikwa dukani.

Nitasema na lake, nisimdhulumu.
Usiku ule alilichomeka,
mhasibu wa kampuni ya mabomba, kustaafu kumebaki miezi,
tumbo limetangulia mbele ya nyuzi,
akapiga sauti tatu za chini, kisha moja ndefu juu
iliyotetemesha vikombe vya kahawa,
na nikamwona kijana wa Kigoma
aliyesimama nje ya ukumbi, kiingilio hana,
akigonga kwa vidole ubao wa mlango
kufuata mziki uliopenya ukutani.
Gitaa kama hili aliliona siku moja tu, kwa mbali,
mlango ulipofunguka kumtoa mlevi.
"Nalo lilikuwa limechubuka hivi?"
Akanyamaza kidogo.
"Hapana. Lilikuwa linang'aa. Mimi pia."

Jumatatu nikifukiza udi
kaa likaruka kutoka chetezoni.
Sikuliona, nililinusa.
Chini ya nyuzi, karibu na vitufe vya sauti,
tundu jeusi, ukubwa wa punje ya uwatu.

Mtu aliyelipia makovu ya watu
kwa kovu letu alishindwa kula mchana.
Hakunifokea. Afadhali angenifokea.
Akalibeba hadi Ruwi, dukani kwa Agnelo.
Agnelo akaligeuza, akavaa miwani, akaligeuza tena:
"Alama ipi, bwana? Nionyeshe ipi si yetu."

Sasa liko ukutani, chini ya kiyoyozi kile kile, na linakoromewa.
Wageni huuliza, hili la marehemu nani?
Zahran huwaeleza habari za mwaka wa sitini na mbili,
habari za mbao, habari za sumaku.
Mimi namimina kahawa.

Lakini nimemwona, akidhani nimelala:
kidole chake kinapita juu ya mikwaruzo ya kiwandani,
hakisimami, hakisimami,
kinafika kwenye punje ya uwatu
na hapo kinatua.