Kumi na Kumi

Shangazi Kageha hutumia mkono wa kushoto.
Shuleni waliufunga kwa kitambaa mwaka mzima,
akajifunza kuandika kwa wa kulia, mwandiko wa kuku,
lakini mkonge ulipofika pajani
wa kushoto ulirudi wenyewe, bila kuitwa.
Kamba zake zimesokotwa upande wa pili.
Pale soko la Luanda wanazijua kwa kugusa:
ukiziunga na za Amugune, zinafumuka.

Mimi nasoma Maseno, pale ikweta inapokatiza barabara.
Naandika tasnifu juu ya msokoto.
Msokoto wa nini? aliniuliza, nikakosa nomino.
Wa kamba? La. Wa kilichofungwa kwa kamba? La.
Wa pale, nikasema. Wa pale penyewe, na wa sasa.

Alicheka mpaka akakohoa.

Nikamtoa uani. Wewe nenda hatua tano kuelekea barabarani,
kisha tano kuelekea mtoni. Mimi nitaanza na mto.
Tukakutana kwenye mgomba uleule, bila shaka.
Sasa tuseme hatukukutana.
Hatukukosea hesabu. Hakuna kilima
(kilima ni mpindo, kina mambo yake),
ila ardhi yenyewe imesokotwa,
na kati ya unyayo wako na wangu limebaki pengo
la unene wa uzi.
Alisogeza mguu, akatazama chini.

Sheria ya zamani: chembe isiyo na uzito,
ikiwa ya kushoto haigeuki kuwa ya kulia.
Kila upande na daftari lake.
Shuka mpaka kwenye kwanta, ujumlishe kila njia iwezekanayo,
daftari moja linapungua, jingine linanenepa,
na hakuna aliyeiba.

Hapo alinikata kauli.
Asubuhi kumi zangu, kumi za Amugune.
Jioni sijauza hata moja, ishirini zipo,
lakini zangu sasa ni kumi na mbili?
Ndiyo.
Huo ni uchawi.
Ni hesabu, shangazi. Jumla imetimia,
tofauti ndiyo haikutimia.
Na nani kazigeuza mbili?

Miezi saba nimekwama hapo.
Wako wanaosema ni msokoto,
lakini kiasi chake hutegemea umeacha kuhesabu wapi,
kwenye nyuzi nyembamba kadiri gani:
ukishuka zaidi, jibu linavimba.
Dakta Obiero anasema jibu la namna hiyo si jibu, futa.
Nimefuta. Nimeandika tena. Karatasi imetoboka.

Jana usiku stima zilipopotea
nilichukua kamba moja mlangoni,
nikaitatua kwa mwanga wa simu,
ikawa mbili, zikawa nyingi, ukabaki unyuzi mmoja
ambao nilipouachia kidoleni
haukujikunja kushoto, haukujikunja kulia.
Niliushika muda mrefu.

Asubuhi alikuta lile rundo kwenye kiti.
Hakuuliza nimegundua nini.
Hiyo, alisema, ilikuwa shilingi themanini.