Jedwali la Nne

Fomu inauliza: mwaka wa kuvuna?
Penseli nimeichonga mara tatu
na kisanduku bado cheupe.
Msprusi huhitaji miaka mia na kumi,
basi jibu ni kujumlisha tu:
elfu mbili mia moja thelathini na sita.
Mkono wangu wakataa kuandika mwaka
ambao hata mjukuu wa binti yangu
ataufikia akiwa na mvi.

Ramani iko mezani.
Kitalu cha kumi na nne kimepakwa kijani kibichi,
rangi ya miaka ile.
Dirishani, kitalu cha kumi na nne ni visiki.

Nilikuwepo mbawakawa walipoingia.
Wadogo kuliko punje ya mchele,
hawana kelele, hawana hasira.
Ukiona unga wa kahawia shinani,
kama mtu amemwaga kahawa iliyosagwa,
ujue mti umeshapigana na umeshashindwa.
Kiangazi cha kwanza tulihesabu miti.
Cha pili tukahesabu hekta.
Cha tatu tukahesabu malori,
kisha tukaacha kuhesabu,
maana bei ya mbao ilikuwa imeanguka
chini ya bei ya dizeli ya kuzisomba.

Alikuja Bwana Vavřinec, tunapakana mipaka,
kofia mkononi kama aliyekuja msibani:
“Nipandie msprusi tena, Radomíra.
Mti ulionyooka. Babu yangu alipanda msprusi,
nao ukatuezekea nyumba,
ukatuchongea jeneza la mama.”
Simcheki. Babu yake hakuwa mjinga.
Alipanga kwa mvua aliyoijua,
kwa theluji iliyokaa mlimani hadi Aprili,
akaweka hesabu zake sawasawa
kwa ajili ya dunia ambayo, nyuma ya mgongo wake,
ilikuwa ikifungasha virago.

Na mimi je? Mgongo wangu nao hauna macho.
Wataalamu wa Brno wamenitumia michoro mitatu:
mmoja una joto,
mmoja una joto zaidi,
wa tatu mstari wake umepanda ukatoka nje ya karatasi.
Nikawauliza, nishike upi?
Wakajibu: yote.

Basi. Sipigi ramli, natawanya makosa.
Hapa mialoni, kule misonobari,
micheri-mwitu kwenye mteremko unaotazama kusini,
na ukanda mmoja usioguswa na jembe
tuone ardhi yenyewe inakumbuka nini.
Nikikosea, nikosee kwa vipande,
nisikosee mlima mzima kwa siku moja.

Oktoba nilisimamisha vigingi kumi na viwili,
juu ya kila kigingi sinia la mbao,
ndani ya sinia mbegu za mwaloni.
Akaja ndege wa ukoo wa kunguru,
viraka vya samawati mbawani,
mpayukaji, mwizi wa kuzaliwa.
Hujaza koo likavimba,
akafukia moja hapa, moja kule chini ya kuvu,
akiba ya baridi.
Nyingi huzikumbuka.
Zile anazozisahau ndizo msitu.

Fomu imerudi kutoka ofisi ya mkoa, Jihlava.
Wino mwekundu: Visanduku visiachwe wazi.
Jedwali la nne, taja mkandarasi wa upandaji.
Nimeandika: ndege.
Nikafuta.
Nikaandika tena.

Na kwenye mwaka wa kuvuna nimeandika mwaka,
kwa penseli, kwa mkono mwepesi,
ili atakayekalia kiti hiki baada yangu
asihangaike kuufuta.

Leo asubuhi Bwana Vavřinec kapita kuomba sinia moja.
Kalikwapua, kalitia kwapani, kashuka ngazi,
kisha kageuka mlangoni, uso mkavu:
huyo ndege wako,
hawezi kufundishwa kufuata mstari?