Mkia wa Neno

Mwalimu Mwewa Chola, shule ya Katuba,
saa saba mchana, mabati yakilia kwa joto,
aliandika cuprum kwa chaki
iliyobaki kama ukucha.

"Kilatini hutikisa mkia," alisema.
"Kiswahili hutikisa kichwa."
Cuprum, cupri, cupro.
Tukarudia. Nje, malori ya Kasumbalesa
yakarudia pia, kwa gia nzito.

Waroma, alisema, waliyapata madini haya Kupro,
wakayapa jina la kisiwa.
Waingereza wa kale wakasema copor,
wakameza kisiwa kizima bila kukitafuna.
Nyanya yangu husema mukuba, basi.
Na sisi tuliwahi kuliita jimbo zima Shaba,
kisha jina likafutwa
kama alivyofuta ubao yeye, kwa kiwiko.

"Cupri: ya shaba. Rangi ya shaba,
uzito wa shaba, harufu ya shaba mkononi."

Ngoza, ambaye baba yake aliingia shimoni kule Ruashi
na shimo likafunga mdomo,
alinyoosha mkono.
"Na shaba ya nani, Mwalimu?
Hiyo ina mkia gani?"

Mwewa aliitazama chaki.
Alikuwa hajalipwa tangu Pasaka.
"Iandike daftarini," akasema.
"Acha nafasi mbele yake."

Ninayo bado, nafasi ile:
mistari miwili ya buluu hafifu.
Vumbi jekundu limeingia,
limekaa hapo
kama herufi ambazo sijajifunza kusoma.