Birbitwa

Kwenye kitambulisho cha ukazi, hapa Ibra,
jina langu limeanza kulia kwenda kushoto,
na kwa kuwa Kiarabu hakina pe,
pe zangu mbili zimegeuka be.
Birbitwa.
Kama sufuria iliyoporomoka ngazini.

"Hatuwezi kukupa herufi tusiyo nayo,"
alisema Bi Ghaniya wa dirisha la tatu,
kwa Kiswahili cha Unguja alichorithi kwa mama yake
na ambacho hajawahi kukirudisha kwao hata kutembea.
Nikacheka. Nikaweka kidole kwenye kioo.
Chini ya jina, tarehe ya kuisha.

Perpetua: isiyo na mwisho.
Mwisho: kumi na tisa Machi.

Mimi ni wa Kamachumu. Nilizaliwa wiki ile
waliyomzika bibi nyuma ya migomba,
mvua ikinyesha mpaka jeneza
likawa zito kuliko marehemu.
Padri mzee alisoma Kilatini, hakuna aliyeuliza.
Baba ndiye aliyeshika karabai.
Kilatini hakujua hata cha kuombea maji,
ila neno moja lilipita, likarudi, likapita tena,
akaenda nalo nyumbani
kama mtu aliyeokota kifungo njiani:
si cha shati lake, lakini kizima.

Basi jina langu lilitoka makaburini.
Shuleni walilikata wapendavyo: Pepe, Petu,
na walionichokoza waliniita Tua.
"Tua, Tua, mbona hutui?"
Sikuwa na jibu. Sasa ninalo, wao hawapo.

Hapa nafua mashuka ya hospitali.
Mashine ya nne ni yangu na Bindu wa Kerala,
naye ananiita Patu, kwa kuwa kelele ni nyingi
na jina refu halifiki.
Damu maji baridi, dawa maji moto.
Shuka haliniambii nani alipona.

Jumatano, soko la wanawake,
Bi Ghaniya alinikuta nachagua ubani, akanishika mkono:
"Lile jina lako lina maana gani, mwanangu?
Limenikaa kooni toka siku ile."
Nikamwambia: milele. Daima.
"Daima! Hilo ni letu."
"Letu pia," nikasema.
Tukasimama na neno moja katikati yetu,
huyu kashika ncha hizi, huyu zile,
kama tunaokunja shuka:
unavuta, navuta,
kisha mmoja lazima amsogelee mwenziwe.

Sikumwambia la Sista Adeltruda.
Kidato cha pili, ubaoni, aliligawa jina langu kwa chaki:
*per*, kupenya toka huku hadi kule;
*petere*, kuendea kitu, kukitafuta.
"Milele ilikuja baadaye," alisema,
akifuta mikono kwenye sketi.
"Mwanzoni lilikuwa kutafuta tu,
kutafuta bila kukatisha."
Mtafutaji hachoki, wanasema, akichoka keshapata.
Mimi miguu inauma tangu saa kumi alfajiri
na sijajua nihesabu hilo kuwa ni nini.

Nyuma ya bweni letu unapita mfereji wa falaji.
Wenye mitende wanagawana maji kwa zamu,
nusu saa ya huyu, nusu saa ya yule,
na ugomvi haukosi.
Maji yenyewe hayana saa.

Jana nilimpigia baba.
Mtandao ukawa unamkata, unamuunga.
"Baba, ulijua maana yake?"
"Ya nini?"
"Ya jina langu."
Akanyamaza, nikasikia kuku, nikasikia mlango.
"Hapana," akasema. "Siku ile kila kitu kililowa.
Kitabu cha padri, kofia yangu, bibi yako.
Neno hilo nililiona likitoka mdomoni mwake
likiwa kavu."

Kisha akauliza kama nimekula,
na kadi inaisha lini.