Glasi Isiyooshwa

Chupa tatu nimezipanga mezani,
juu ya kitambaa alichokifuma mama mkwe
na ambacho Obuya ameomba mara mbili nikiondoe.
Sikiondoi. Ramu ikimwagika, na imwagike penye ushahidi.

Dirisha liko wazi. Kule njia panda ya Mamboleo
trekta ya miwa inabadilisha gia, inakohoa,
na watoto wanaukimbilia mua utakaoanguka.

Tunaanza na nyeupe, ya bei ya mwisho wa mwezi.
Glasi ni zile za maji, hatuna nyingine.
Obuya anaingiza pua yote kama mtu anayechungulia kisima,
anarudi na machozi:
"Hii ni ya kuoshea kidonda."
Mimi naiacha ulimini, nahesabu hadi tano.
Nyuma ya ule ukali kuna ganda la ndimu, kuna kitu kibichi,
kama jani la mua ukilitafuna bila kufikiri.
Haina kosa. Ina haraka tu.
Tutawapa wageni, wakija wengi, kwa barafu na tangawizi.

Ya pili ilikuja ndani ya soksi
katika sanduku la Apondi, kutoka huko alikoolewa.
Lebo ina meli ya dhahabu na maneno mengi.
Rangi yake, chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Vanila. Zabibu kavu. Keki ya harusi ya watu wenye pesa.
"Hii ndiyo," anasema Obuya, "hii ndiyo yenyewe,"
na kwa kweli ni tamu,
lakini utamu wa mtu anayekusifu kabla ya kukukopa.
Nikishameza, hakuna aliyebaki kinywani.

Ya tatu niliipata duka la nyuma ya Kibuye,
muuzaji akaifuta vumbi kwa kiwiko.
Lebo imekaa upande, kama kofia ya mlevi.
Nafungua
na chumba kinabadilika.

Sukari nguru, ile nyeusi, ya kufungwa kwa majani makavu ya mgomba.
Molasi iliyomwagika barabarani, nyuki juu yake.
Gunia lililolowa. Chuma.
Halafu mbali, nyuma kabisa, moto:
shamba la Miwani linachomwa kabla ya panga kuingia,
masizi yanashuka juu ya nguo tulizoanika,
na mama anamlaani mtu asiyemjua jina.

Nimekaa na glasi puani, sinywi.
Obuya ananiuliza kama kuna inzi.

Shati la baba lilinukia hivi.
Mizani ya kiwanda ilikuwa na dini yake:
tani nne shambani, tatu na kidogo kwenye karatasi,
naye alirudi na karatasi imekunjwa mara nne mfukoni,
akanawa hadi kwenye viwiko, akakaa.
Hakuwahi kuonja kileo. Alikuwa Msabato wa kweli,
na leo, Mungu nisamehe, ni Jumamosi.
Kwa hiyo sijui hata ninamkumbuka kwa haki gani
kupitia kitu ambacho angekimwaga nje bila kukinusa.

Naonja.
Kali, ina chumvi kidogo, ina ule uchungu wa kifundo cha mua
pale jino linapogoma.
Haijanyooka. Inashuka kooni kama mtu aliyebeba mzigo
bega moja tu.

"Hiyo ya meli," anasema Obuya, "ikae kabatini,
na Apondi akija tena tumwagize mbili."
Nasema sawa. Kabati alilitengeneza mwenyewe, na liegemee anakotaka.
Hii nyingine naiweka jikoni, nyuma ya mafuta ya kupikia,
mahali ambapo mkono wangu unapajua gizani.

Asubuhi napita mezani miguu mitupu.
Glasi ya kwanza hainuki kitu.
Ya pili inanukia sabuni ya hoteli.
Ya tatu, kavu, na duara la kahawia chini,
bado inawaka.

Nimeosha mbili.